Mlango Mkubwa wa Stoo ya Mbegu

Gari lilitakiwa liwe limefika saa kumi na moja jioni. Ilipofika saa nne usiku lilikuwa bado, na wifi yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwangu akimenya viazi ambavyo hakuna mtu aliyemwomba amenye.

"Wifi, weka kisu chini," nikamwambia. "Tumeshakula."

"Namenya vya kesho asubuhi."

"Vya kesho asubuhi ni vile vya kwenye beseni. Hivyo sasa ni vya keshokutwa."

Akaangalia beseni, akaangalia kiazi mkononi, akacheka kile kicheko chake cha tumboni, kisha akaendelea kumenya. Mimi nilikuwa nimeshafuta meza mara tatu na kuchungulia dirishani sijui mara ngapi, kama vile barabara ya kituo inaonekana kutoka kwetu. Haionekani. Kuna ukuta wa jirani.

Wifi yangu huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Watoto wangu wanamwita Shangazi, mume wangu anamwita Dada, na watu wote wa kituo cha utafiti wa viazi, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkurugenzi, wanamwita Mkunga. Ana miaka hamsini na tisa. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake imekuwa moja tu, kufungisha ndoa za maua ya viazi. Anachukua unga wa ua la baba, anaupaka kwenye ua la mama, anasubiri watoto. Ijumaa ya wiki ile alikuwa anastaafu.

Ndani ya gari lililokuwa halijafika kulikuwa na barua. Wajumbe watano walikuwa wamekaa mjini siku mbili wakisoma karatasi na kula viazi, vingine vya kuchemsha, vingine vya kukaanga, kwenye sahani zisizo na majina. Kimojawapo kilikuwa cha wifi, namba mia nne kumi na saba. Kama wamekikubali, kitapewa jina na kwenda kwa wakulima. Kama wamekikataa, hakuna mwaka mwingine wa kujaribu, kwa wifi angalau. Na jibu la namna hii halitolewi kwa simu. Linaandikwa, linapigwa muhuri, linakabidhiwa mtunza stoo, kwa sababu yeye ndiye mwenye funguo na ndiye atakayeulizwa viazi vimekwenda wapi. Mpaka yeye aisome, hakuna mwenye ruhusa ya kufungua mdomo.

"Labda gari limepinduka," nikasema.

"Wifi."

"Nasema labda."

"Limepata pancha," akasema. "Dereva yule hajawahi kusafiri bila pancha. Kaa chini, Bi Mashaka, unanichosha macho."

Bi Mashaka ndilo jina walilonipa katika nyumba hii, na sikatai. Naamka usiku kuangalia kama jiko limezimwa wakati nililizima mwenyewe.

Inabidi nieleze habari ya milango miwili, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa tulivyokuwa.

Stoo ya mbegu ya kituo ni jengo refu la matofali lisilo na madirisha. Nyuma ina mlango mdogo wa bati, na ukitoka pale unakutana na jiko la nje lenye sufuria kubwa ambalo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake. Kiazi kilichokataliwa hutokea huko. Sheria ya kituo ni kwamba hakuna kiazi kibichi kinachovuka geti, kisije kikapandwa mashambani kabla hakijajulikana tabia. Kwa hiyo vyote vinavyotupwa huchemshwa palepale, siku ileile, na wafanyakazi huenda navyo nyumbani vikiwa vimeiva. Mbele ya stoo ndiko kuna mlango mkubwa, wa mbao, mabawa mawili, upana wa lori. Huo hufunguliwa siku aina mpya imepitishwa tu, mbegu zitoke mbichi na vichwa juu. Mara ya mwisho ulifunguliwa miaka sita iliyopita, na viazi vilivyotoka havikuwa vya wifi. Vya wifi, kwa miaka thelathini na mmoja, vilitoka vyote kwa nyuma, kwenye sufuria.

Mimi nililijua sufuria lile kabla sijamjua yeye. Nilipoolewa, jioni ya kwanza mezani waliniwekea kapu la viazi vya kuchemsha na chumvi. Hakuna kingine. Nikatazama mle ndani. Kulikuwa na chekundu, cheusi kama mkaa, cha njano, kirefu kama kidole, kilichopinda kama sikio, kila kimoja na sura yake. Nikajisemea moyoni, mama yangu, nimeolewa kwenye nyumba inayookota.

Wifi aliniona. "Usiogope, bibi harusi," akasema. "Hivi ni vilivyofeli mtihani. Kula, halafu uniambie kila kimoja kimefeli nini."

Nilidhani ananitania. Kumbe alitaka kujua kweli. Nikaonja cheusi, nikasema kinapaka meno rangi. Nikaonja cha njano, kikavunjika kabla sijakifikisha mdomoni. Nikasema kitamu lakini kwenye mchuzi kitakuwa uji. Kulikuwa na kimoja kizuri kama yai, cheupe, laini, hakina hata doa. Nikakitafuna, nikaona aibu kukitema.

"Sabuni," nikasema.

Wifi akapiga paja lake. "Sabuni. Mwaka mzima tunatafuta neno lake. Kaka, huyu usimrudishe kwao."

Basi tangu siku ile, kila msimu wa kuvuna, kapu likija nyumbani mimi ndiye wa kwanza kuonja. Nilijifunza kwamba kuna viazi vya unga, ambavyo hupasuka ngozi vikiiva na ni vizuri kwa kuponda, na viazi vya maji, ambavyo hubaki wima kwenye mchuzi hata ukivisahau. Kuna vyenye macho ya ndani sana, ukivimenya nusu yake inakwenda na maganda. Kuna vya kukaanga vinavyotoka rangi ya dhahabu, na vingine, ukivikaanga, vinakuwa vyeusi kama umevichoma kwa hasira, eti kwa sababu vina sukari. Kuna vyenye usingizi mrefu, unaviweka stoo miezi minne havijaota, na kuna visivyolala, ukigeuka tu vimeshatoa ndevu.

Nilimuuliza wifi zamani, nikiwa na mimba ya kwanza, kwa nini asipande tu kile kizuri na kuachana na vingine.

"Ukipanda kiazi chenyewe unapata kilekile," akaniambia. "Ni kama kukata vitambaa kwenye jora moja. Lakini ukipanda mbegu ya tunda lake, pale ndipo unapata watoto. Kitunda kimoja, watoto mia na kitu, na hakuna wawili wanaofanana. Huyu kachukua ngozi ya mama, yule kachukua ubishi wa baba. Nawe subiri, utazaa, utaona."

Nilizaa wanne. Niliona.

Kazi yake nilikuwa naitazama nikimpelekea chakula cha mchana, kwa kuwa hakumbuki kula mpaka mtu amsimamie. Anafanyia kwenye banda la neti. Mimea ya mama haipandwi ardhini, inakaa juu ya matofali, na kila mara wifi anaosha udongo kwenye mizizi na kunyofoa viazi vinapoanza kuota. Nikamwambia huo ni ukatili. Akasema mmea ukikatazwa kuzaa chini, hasira zote unazipeleka juu, kwenye maua, na yeye anataka maua. Kisha anachukua kibano kidogo kama cha nyusi, anafungua ua ambalo bado halijafunguka lenyewe, anatoa vile vijiti vya njano kimoja kimoja ili ua lisijioe. Halafu anagonga ua la baba kwa kidole, unga unaanguka kwenye ukucha wake wa gumba. Ukucha huo haukati mfupi. Anaugusisha pale katikati ya ua la mama, anafunga uzi na kibandiko cha namba, anasema kwa sauti ya chini, "Haya, muishi kwa amani." Kila ua. Nilimuuliza kama ni lazima kusema. Akasema si lazima, lakini hajawahi kujaribu bila kusema.

Miaka kumi na moja iliyopita alifungisha ndoa ambayo wenzake walimcheka. Mama alikuwa Kibibi, kiazi cha zamani, ngozi nyekundu, unga mtupu, mtamu hata bila chumvi, lakini ugonjwa wa ukungu ukipita jirani tu anakufa wiki hiyohiyo. Baba alikuwa na namba, ila wafanyakazi walimwita Jambazi. Babu yake Jambazi alikuwa kiazi mwitu. Majani magumu, haumwi kitu, na anazaa viazi vidogo kama gololi, vichungu.

"Binti wa watu umemwoza kwa Jambazi," mtunza stoo alimwambia. Huyu mtunza stoo tunamwita Bwana Funguo. Ni mtu mrefu, mkavu, hatabasamu, na yeye na wifi wamechokozana tangu wote wawili wana nywele nyeusi. "Watoto watatoka na sura ya baba na afya ya mama."

"Na wewe ulitoka na nini?" wifi akamjibu.

Vitunda vikatoka, vya kijani, kama nyanya ndogo. Sikulala vizuri wiki zile kwa sababu nilisikia vina sumu na mwanangu wa mwisho alikuwa anaweka kila kitu mdomoni, ingawa vitunda vilikuwa ndani ya banda lililofungwa na mtoto alikuwa nyumbani. Mbegu zilizopatikana zilikuwa elfu moja na mia nane. Mwaka wa kwanza kila mbegu kwenye kopo lake. Mwaka wa pili shina moja moja shambani. Kila mwaka wifi anapita na daftari, huyu abaki, huyu atoke, na wanaotoka wanakwenda kwenye sufuria.

Mwaka wa tatu ndipo alipofanya kosa ambalo mpaka leo Bwana Funguo hajamsamehe, au niseme hajaacha kulifurahia.

Jioni ile kapu lilikuja kama kawaida. Nikaanza kuonja. Cha tano au cha sita kilikuwa kidogo, ngozi nyeupe, macho ya pinki kama mtu aliyelia. Nikatafuna. Nikakata kingine kama hicho. Unga wake ulikuwa mkavu, mtamu, kama Kibibi lakini na kitu kingine nyuma yake, kama karanga.

"Wifi, hiki umekitupa kwa nini?"

"Kipi?"

"Hiki chenye macho ya pinki."

Akakichukua, akala, akageuza kipande kilichobaki kwenye mwanga wa taa. "Kilizaa vidogo," akasema polepole. "Saba tu, vidogo. Nikakitoa."

"Kilikuwa mstari gani?"

"Wa mwisho, wa pembeni."

Mstari wa pembeni nilikuwa nauona kila siku nikipeleka chakula. "Wifi, pale si ndipo mikokoteni inapopita? Udongo wake umekanyagwa kama uwanja. Hata mimi ukinipitishia mkokoteni mgongoni kila siku, nisingekuzalia watoto wanne."

Mume wangu akacheka. Wifi hakucheka. Aliweka kile kipande kilichobaki kwenye sahani, taratibu, kama kinaweza kuumia.

"Nimempika mwanangu," akasema.

Vyote saba vilikuwa vimechemshwa. Kiazi kilichochemshwa hakioti, hata ukikipanda kwenye udongo wa aina gani. Na katika elfu moja na mia nane hakukuwa na pacha wake.

Hapo ndipo nikaenda kwenye droo ya kabati. Mimi situpi kitu chenye maandishi. Nilisoma darasa saba, na toka hapo nimeona watu wengi wakihangaika kwa sababu ya karatasi waliyoitupa, kwa hiyo kwangu hata kifuniko cha dawa ya mbu kinawekwa. Vile vibandiko vya namba vinavyosahaulika kwenye kapu vilikuwa vyote ndani ya droo, vimefungwa kwa mpira. Jioni ile, nikitoa viazi kwenye kapu, nilikuta kimoja kimegandamana na ganda la kiazi chenye macho ya pinki, nikakitia humo. Nikakiweka mezani mbele yake. Mia nne kumi na saba.

Sasa tulijua ni mahali gani hasa pa mstari. Kulipokucha tulikwenda wote watatu, wifi, mume wangu na mimi, na majembe madogo, tukachimba hatua nzima ile kwa vidole kutafuta hata kimoja kilichosahaulika ardhini. Bwana Funguo alikuja akasimama na mikono nyuma.

"Mnatafuta nini?"

"Kiazi," wifi akasema.

"Si mlikula jana?"

"Tunatafuta kingine."

Akafikiri. "Kwa hiyo Mkunga anamtafuta mtoto aliyemla." Akaondoka. Hata hapo hakutabasamu, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Hatukupata kitu. Wifi aliwaomba wakubwa wa kituo wasilime pembe ile, wakamkubalia kwa heshima ya miaka yake kazini. Kila jioni alipita pale kabla ya kurudi nyumbani. Mimi niliacha kuuliza, kwa sababu nilikuwa naona jibu kwenye namna anavyovua viatu.

Mvua zikaja. Siku moja saa sita mchana nikasikia mtu anakimbia uani, nikajua kuna mtoto ameanguka. Alikuwa wifi, peku, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Kimeota," akasema.

Kilikuwa majani mawili tu, na la tatu likiwa bado limekunja ngumi, pembeni kabisa ya njia ya mikokoteni. Kumbe kijiazi kimoja, pengine kisichozidi njugu, kilisukumwa na gurudumu mpaka chini sana ambako vidole vyetu havikufika. Wifi alikizungushia vijiti, juu ya vijiti akafunga kitambaa chekundu ili hata kipofu asikikanyage. Kilipochanua maua, yalikuwa meupe yenye ukingo wa zambarau, kama alivyoandika kwenye daftari lake. Kilitoa viazi tisa, vya ukubwa wa ngumi, macho ya pinki. Hatukuonja hata kimoja. Mimi ambaye huwa naonja kila kitu nilivifunika kwa gazeti nisivione.

Tisa wakawa sitini, sitini wakawa magunia. Mwaka wa saba mvua ilinyesha wiki tatu bila kupumua, ukungu ukashuka. Nilikwenda shambani nikasikia harufu kabla sijafika. Mistari ya Kibibi ilikuwa myeusi, imelala, kama mtu kapitisha moto. Aina nyingine zilikuwa na madoa mpaka shingoni. Na katikati ya ule msiba wote mistari minne ilikuwa imesimama, kijani, imenawiri, kama mgeni aliyekuja matangani na nguo za harusi. Wifi alikuwa amekaa mwisho wa mstari kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ubishi wa baba," akaniambia.

Hapo ndipo Daktari alipoanza kukifuata kile kiazi. Daktari si wa watu, ni mtaalamu wa viazi, anamzidi binti yangu wa kwanza miaka michache tu na amesoma mpaka basi. Alikipeleka kwa kibali maalumu kwenye mashamba ya majaribio, kwenye baridi na kwenye joto. Alikilaza stoo, kikalala miezi mitatu kikaamka kwa wakati. Alikikaanga, kikatoka dhahabu. Kila jibu lilikuwa zuri, na kila jibu zuri lilinizidishia wasiwasi, kwa kuwa mimi nimezoea kwamba mambo yakienda sawa sana kuna mlango wa nyuma mahali fulani.

Fomu ya mwisho ina nafasi ya jina. Wifi aliijaza mwenyewe, akaikunja.

"Umekiita nani?" nilimuuliza usiku ule jikoni, ilipokuwa karibu saa sita.

"Kikipita utasikia. Kisipopita, kitakufa na namba yake."

"Na kisipopita utafanya nini?"

Akaweka kisu chini, mara ya kwanza usiku ule. "Nitakichemsha mimi mwenyewe," akasema. "Magunia yote. Sitaki mtu mwingine akitie kwenye maji. Halafu Ijumaa nitarudisha kibano."

Kisha akaniona uso, akanipiga kofi la bega. "Na wewe utaonja, utaniambia kimefeli nini."

Alfajiri tulikuwa kituoni kabla ya mlinzi kumaliza chai. Mume wangu alibaki getini, akasema moyo wake hauko vizuri kwa mambo haya. Gari lilikuwepo, limejaa matope, na gurudumu moja la nyuma ni la akiba. Wifi akalitazama, kisha akanitazama mimi niliyesema labda limepinduka.

Nikaona moshi. Ulikuwa unatoka nyuma ya stoo, tukaharakisha kwenda huko. Sufuria lilikuwa jikoni, maji yameanza kutoa mvuke.

"Ni siku ya kuvuna," wifi akasema haraka. "Kuna vya watu wengine vya kuchemsha. Moto huwashwa kila siku ya kuvuna." Lakini alikwenda akasimama kando ya moto, akaanza kusogeza kuni ambazo zilikuwa zimekaa sawa.

Daktari, aliyekuwa amerudi na gari lile usiku, alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa, na koti la safari bado mwilini. Akatusalimia, "Shikamooni," akainamisha macho kwenye viatu vyake. Nimelea watoto wanne, najua kusoma uso wa mtu anayeficha jambo, lakini ule ulikuwa kama sahani iliyooshwa. Sikupata kitu ila kwamba hakulala.

Bwana Funguo akaja saa moja kamili, kama siku zote. Overoli ileile. Bahasha mkononi, imeshafunguliwa. Akasimama, akavaa miwani, akaisoma tena barua yote kuanzia tarehe mpaka muhuri, midomo ikicheza. Wifi alikuwa amempa mgongo. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa kifuani, akafunga kifungo cha mfuko.

"Bwana Funguo," nikasema, "Mungu anakuona."

"Namwona na mimi pia," akajibu, akapita.

Akapita kando ya sufuria, akaenda moja kwa moja. Kwenye mlango mdogo.

Nikasikia ufunguo, nikasikia bati likilia kama linavyolia kila msimu. Wifi alikuwa ameshashika mwiko mrefu wa sufuria. Aliushika kwa mikono miwili, akanyoosha mgongo, akageuka kuupokea mlango ule kama mtu anavyopokea wageni asiowapenda. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda wakati ule, na nimegombana naye miaka ishirini na sita.

Bwana Funguo akatoka. Hakuwa na gunia. Mkono wa kulia ulikuwa na funguo. Mkono wa kushoto alikuwa ameuficha nyuma ya paja, lakini mimi macho yangu hayapumziki, mume wangu husema hata usingizini yanahesabu. Kati ya vidole vyake kulikuwa na kichupa cha mafuta ya cherehani.

Mlango mdogo hufunguliwa kila msimu. Kufuli lake halijawahi kuhitaji mafuta. Naye alikuwa ameshatupita, anakata kona kwenda mbele.

Nilijua kabla ya wifi. Labda kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Ningeweza kupiga kelele, na mwili wote ulitaka kupiga kelele, lakini nikafikiri, miaka thelathini na mmoja, acha aone mwenyewe.

"Wifi," nikasema, "achana na moto."

"Maji yatakauka."

"Yaache yakauke. Njoo huku mbele."

Akaniangalia, akaangalia mdomo wangu, ambao ulikuwa umeanza kunisaliti. Mwiko bado mkononi, akanifuata. Tulipozunguka kona, Bwana Funguo alikuwa amepiga goti mbele ya mlango mkubwa, anadondoshea mafuta kwenye kufuli, tone moja moja, kama anampa mtoto dawa.

Wifi akasimama. Mwiko ukaanguka.

"Nilikwambia kufuli hili litaota kutu likikusubiri," Bwana Funguo akasema bila kugeuka. "Limeota. Miaka sita, halafu leo asubuhi mnataka lifunguke kama dirisha."

"Na wewe umeota kutu," wifi akasema, lakini sauti haikuwa yake, ilikuwa ya msichana. "Geuza polepole."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha. Geuza polepole, utavunja ufunguo."

Akageuza polepole. Kufuli likakataa, likakataa, likalia tak, likaachia. Nyuma yetu Daktari alikuwa analia na kucheka, amejifunika uso kwa mkono wa koti. Getini nilimwona mume wangu anakuja, anatembea, halafu hatembei tena, anakimbia, na moyo wake huohuo usio mzima.

Bwana Funguo akavuta bawa la kulia. Halikutikisika. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua. Akajifuta mikono kwenye overoli, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, meno yake yakaonekana.

"Mkunga, shika hapa na mimi. Na wewe, Bi Mashaka, usisimame hapo kama mgeni, shika bawa lile. Ni jina lako limeandikwa kwenye barua hii, nami natakiwa niligonge kwa muhuri kwenye magunia yote. Mashaka. Nani duniani atapanda kiazi kinachoitwa Mashaka?"

Nikamtazama wifi. Alikuwa ameshashika mpini, mguu mmoja umekanyaga ukuta, ukucha wake mrefu wa gumba umekwaruza rangi ya mbao.

"Vuta, wifi," akasema. "Utakasirika baadaye."

Nikavuta.